Kijani Kibichi

Barua pepe ya Tilo imefika asubuhi, mistari miwili:
sheria imelegea, mchezo unatimiza miaka ishirini na mitano,
turudishie wekundu.
Anaandika kana kwamba wekundu ni mwavuli
nilioazima nikasahau kuurudisha.

Mwaka ule nilikuwa mgeni kazini, Leipzig,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha pamba kisichosokota tena,
madirisha yakivuja, kompyuta zikinguruma kama friji.
Kazi yangu: kila tone la damu liwe kijani.
Kila askari aanguke kama mashine,
springi zitoke kifuani badala ya utumbo.
Mayowe nikayafuta. Mahali pake nikaweka
mlio wa sufuria ikidondoka, niliyoirekodi
jikoni kwangu, usiku wa manane,
Bi Kretzschmar wa jirani akigonga ukuta.

Hatua ya saba ndiyo iliyonikawiza.
Hapo wanakijiji wamepiga magoti, mikono juu,
na mchezaji hupewa alama kumi kwa kila kichwa.
Niliwapaka. Wakawa mashine zilizopiga magoti.
Alama zikabaki kumi.
Hakuna aliyeniambia nizipunguze.

Baba aliniletea supu siku moja,
akaitazama skrini mpaka supu ikapoa.
Yeye alikuwa mpiga chapa enzi za Ukuta,
na shairi lake la pekee, juu ya povu la mto Pleisse,
lilitoka gazetini bila mto na bila povu.
Likabaki daraja, na mtu amesimama juu yake
akitazama pasipo na kitu.
"Walionikata mimi," akasema, "walivaa tai.
Wewe umevaa soksi za sufu. Tumeendelea."
Nikamjibu: wewe ulisema kweli, ukazibwa mdomo.
Hawa wanauza magoti ya watu.
"Haya. Na mizani kapewa nani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kodi ya nyumba.

Mwanangu Jannes aliicheza nakala yangu, ya kijani.
Hatua ya saba aliimaliza akicheka,
maana sufuria zilianguka kwa zamu, kama kengele.
Kisha binamu yake akamletea nakala ya Vienna,
isiyoguswa, ndani ya boksi la viatu.
Nilisimama mlangoni nisimzuie.
Nilitaka kuona; kama mama au kama fundi, Mungu anajua.
Mwanamke aliyepiga magoti akasema neno.
Kwenye nakala yangu hana neno:
nililifuta pamoja na mayowe,
sikulisikiliza hata mara moja.
Jannes akaondoa mkono kwenye kipanya.
Akakaa. Akainuka, akaenda kukata mkate.
Labda ilikuwa njaa. Sikumuuliza,
na sasa ana ndevu, na haji ila Krismasi.

Leo nimelifungua faili.
Kijani kipo, nilikichagua mwenyewe, kibichi,
cha kitu ambacho hakitaiva kamwe.
Ule wekundu wa kwanza sikuuandika popote.
Nimejaribu wa nyanya, wa matofali,
wa midomo ya mwanamke wa tangazo la tramu.
Kila mmoja unadanganya kwa namna yake.
Tilo anasema weka wowote, nani atajua.

Nimemwandikia: utaupata Ijumaa.
Lakini nitafutieni sauti ya hatua ya saba.
Anayetaka kuyauza magoti yale, ayauze.
Anayetaka kuyalaani, ayalaani, kwa jina lake, mchana.
Mimi nilikuwa yule wa katikati,
niliyewaondolea wote wawili kazi ya kutazama.

Hajajibu.
Sijui lilikuwa neno gani. Huenda ni tusi.
Huenda ni jina la mtoto.
Sufuria bado ninayo, imebonyea ubavuni.
Jioni hii nimechemshia viazi.